Fimbo ya Shaba Niliyoikata

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na fimbo ile ilinikasirisha. Tulikuwa tunaweka ethi kwenye mnara wa simu juu ya kilima cha mawe, upande wa kijiji cha Mbingu. Ethi ni shaba inayozikwa na kuunganishwa na mnara, uzio na mitambo, ili radi ikipiga ipate njia ya kwenda ardhini badala ya kujitafutia yake. Kule bondeni kwenye majaruba ya mpunga, fimbo ya shaba inazama kama kijiti kwenye ugali. Hapa juu iliingia kiasi cha goti, ikakutana na mwamba, ikagoma. Niliigonga kwa nyundo mpaka mikono ikafa ganzi. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, dereva ananipigia honi, nami nataka kurudi nyumbani Lipangalala. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata sehemu iliyobaki juu, nikafunga waya kwenye kile kisiki, nikafukia. Ukiangalia kwa juu ungesema imezama yote.

Si mimi peke yangu, mafundi wengi tumefanya hivyo. Nasema hili kwa kujitetea, najua.

Tatizo likawa kipimo, maana kile kisiki kwenye ardhi kavu kingeniumbua. Ardhi ikilowa hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo nilimwita mlinzi wa mnara, mama mtu mzima wa Kipogoro ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache nje ya uzio.

"Mama, hapa pamwagilie maji, pasikauke. Pakikauka, radi itatusumbua."

Sikumwambia mpaka lini. Mkaguzi akaja, akapima, akaridhika, nami nikasahau.

Nilirudi pale kiangazi cha tatu, kubadilisha betri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo kwanza uone shamba lako."

Akanipeleka penye ile fimbo. Kilima kizima kilikuwa kimekauka, lakini pale palikuwa na tuta la mchicha mnene, unameremeta. Nikacheka sana, nikamtania kwamba kampuni itakuja kudai mboga yake. Yeye hakucheka.

"Si ulisema pasikauke? Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni. Kijito kikikatika nashuka mpaka kisima cha kule barabarani."

"Kila siku, mama?"

"Nikisafiri namwachia jirani. Ananicheka, anasema nimepewa mzimu nimnyweshe."

Alikuwa akilikanda bega lake la kulia huku akizungumza. Kisha akaniambia jambo lililonimaliza kabisa. Masika yaliyopita radi iliupiga mnara wakati wajukuu zake wawili, yatima anaowalea, wapo ndani wanakula. Kuku watatu waliokuwa wamejibanza kwenye uzio walikufa palepale. Watoto hawakuguswa.

"Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu," akasema, "kisha nikakushukuru na wewe. Maji yako yalituokoa."

Ningeweza kuitikia tu, nikafunga betri zangu nikaondoka. Lakini wale kuku walifia kwenye uzio ambao kazi yangu ilikuwa kuufanya salama, na kutoka kwenye uzio mpaka mlango wa yule mama ni hatua kumi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba jembe, nikang'oa mchicha wake, nikafukua mbele yake.

"Mama, hii ilitakiwa inizidi mimi kimo. Niliikata. Na yale maji nilikuambia kwa ajili ya mkaguzi tu, kwa siku moja."

Akainama, akapitisha kidole pale msumeno ulipopita.

"Kwa hiyo siku ile tulikuwa hivihivi tu, bila kinga."

"Ndiyo, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia, watoto ningewapeleka kwa mama yao mdogo kule Mngeta kila mvua zikianza."

Nikampigia bosi, nikamweleza yote. Alifoka weee, nikapewa barua ya onyo, lakini shaba akaitoa. Wiki iliyofuata tulichimba mtaro kuteremka kilima, tukalaza waya wa shaba mpaka kwenye udongo mweusi, tukapigilia fimbo nzima nzima, tukaunganisha mnara, uzio na jenereta. Nikapima bila kumwaga hata tone la maji. Kipimo kikakubali, nami kwa furaha nikamwita mama aone mwenyewe.

"Namba zako mimi sizijui," akasema. "Mvua ya kwanza ya radi, uje ukae ndani na sisi."

Nilikwenda. Mawingu yalishuka kutoka milima ya Udzungwa mchana wa saa nane, nikafika nimelowa chapachapa. Alinipa kigoda katikati ya wajukuu wake, akatupakulia wali na samaki. Radi ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili ikatikisa bati, na watoto wote wawili wakageukia dirishani kuutazama mnara. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameacha kula, ananitazama mimi usoni.