Biskuti ya Pili

"Umemjibia tena, Bibi Roelfke! Nimemuuliza mtoto, umejibu wewe. Chuoni nikaseme nini, kwamba mtoto wa miaka mitatu ana sauti ya kizee?"

"Kizee mwenyewe! Kukaa sakafuni kama paka ndiyo kazi? Mjukuu wangu atajua kusema lini?"

Kila Jumatano ndivyo walivyosalimiana, Roelfke na yule mtafiti anayechunguza jinsi watoto wanavyojifunza Kiholanzi. Alifika kwa baiskeli, akavua viatu vilivyolowa, akawasha kinasa sauti, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja asije akamsaidia mjukuu, Wessel, hata neno. Roelfke alimpa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo la biskuti pah! kama ilivyo ada ya Waholanzi, mgeni hupewa moja tu. Ya pili alimwahidi siku Wessel, ambaye bado alisema neno mojamoja, atakapotoa sentensi nzima. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini moyoni aliogopa kwamba mtoto ana kasoro.

Jumatano hii mtafiti alikwisha kuzima kinasa na alikuwa anavaa koti, Wessel alipomshika mkono. "Usiende, hujamaliza kahawa yako."

Roelfke akaruka. "Washa mashine! Wessel, mume wangu, hebu rudia!"

"Mwache," mtafiti alisema, na kiganja kikarudi mdomoni. "Hakuwa anaongea na mashine. Ameongea na mimi."

Akavua koti, akakaa kumalizia kahawa iliyopoa. Roelfke alifungua kopo, akamsogezea.