Mashini ya Muzee Ansele

Mimi si mtu wa kuona mambo. Nasema hivi mapema kwa sababu najua utakavyonitazama ukifika katikati ya kisa hiki. Sinywi pombe, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane ya mchana, kule Marabo, jua likiwaka mpaka mabati yanalia juu ya nyumba. Yaliyonipata, yalinipata macho yangu yakiwa wazi.

Niko turnere. Nachonga vyuma kwenye mashini: bagi za pikipiki, zile pete za chuma zinazoshika mihimili, mihimili ya vinu vya mahindi, bolti ambazo hakuna duka la Bunia linaziuza. Kazi hii nilifundishwa na baba yangu kule Djugu, kabla hatujakimbia vita. Nilifika Bunia na watoto wawili na palmer ya baba, kile kipimo kidogo cha chuma, nimekifunga ndani ya kitenge. Miaka sita nikafanya kazi katika atelie, karakana ya bwana mmoja. Nachonga mimi, yeye anasimama mlangoni kupokea sifa. Mteja anasema, "Patron, bagi yako iko sawasawa," patron anacheka, na mimi niko nyuma, mafuta mpaka kwenye viwiko. Unaujua uchungu wa namna hiyo?

Basi nikasikia kwamba Marabo, katika usine moja, kiwanda cha kahawa kilichofungwa zamani, kuna mashini inauzwa. Tena ile ya revolver! Ina kichwa kinachozunguka, chenye pande sita, na kila upande umeshika kisu chake. Ukiipanga vizuri mara moja, inatoboa, inapanua, inakata, na kipande cha mia kinatoka sawa na cha kwanza. Mwenye mashini kama ile hana haja ya kukaa nyuma ya mtu.

Aliyeiuza aliitwa Mama Dorika, mwanamke wa makamo, mpole. Karakana ya usine ile aliachiwa na marehemu baba yake, Muzee Ansele. Alinifungulia mlango, akaniambia ukweli bila kuzunguka.

"Mama, sitakudanganya. Kuko mutu wa feraye, ule anauzaka vyuma vya kuharibika. Anataka kuikata vipande apeleke Uganda. Leo saa kumi anarudia na chupa za gazi. Weye angalia kwanza. Miye naenda kuleta makaratasi yake ku nyumba."

Nikabaki peke yangu. Karakana ilinuka mafuta ya zamani na maganda ya kahawa. Mashini ilikuwa pale, nzito, imefunikwa vumbi la miaka, rangi ya kijani imebanduka. Nikaanza kuifuta kwa kitambaa nione hali yake.

"Usianze na rangi."

Nikageuka. Muzee mmoja alikuwa amesimama karibu na dirisha, amevaa salopeti, lile vazi la fundi, ya bluu iliyopigwa pasi, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Nikadhani ni mlinzi. Nikamsalimia kwa heshima.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, mwana. Rangi inadanganyaka batu. Pitisha kucha hapa."

Nikapitisha ukucha kwenye reli za mashini, pale karibu na kichwa kinachoshika chuma, maana ndipo zinapolika kwanza. Ukucha haukukwama popote. Akaniambia nishike kile kichwa cha pande sita, nikitikise kwa nguvu zangu zote. Hakikucheza hata kidogo. Niamini, nimeshika mashini nyingi, na ile ilikuwa imetunzwa na mtu aliyeipenda.

"Unachongaka nini?" akauliza.

"Bagi za kinu, papa."

"Chonga moja nione."

Akavuta mti mrefu wa kuwashia, uliokuwa ukining'inia kutoka juu. Nyuma ya ukuta nikasikia mtambo wa mazuti, wa dizeli, ukiamka, tu-tu-tu, na mkanda mpana ukaanza kukimbia kutoka juu hadi kwenye mashini. Nikafikiri Mama Dorika amewasha. Ningefikiri nini kingine?

Kipande cha chuma cha mviringo kilikuwa tayari mezani. Nikakifunga, nikazungusha usukani unaosogeza visu. Kisu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Chuma kilitoka kwa nyuzi ndefu zinazong'aa. Nilipomaliza nikapima kwa palmer ya baba. Nilikuwa nimekosea santiemi mbili, sehemu mbili za mia za milimita, kitu chembamba kuliko unywele.

"Inatosha?" muzee akauliza.

Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Sikiliza, bagi ile ingeingia kwenye kinu na kinu kingesaga, labda mwaka mzima, kabla haijaanza kutetemeka. Patron wangu angesema inatosha. Nami nilitaka mashini ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilihisi, sijui kwa nini, kwamba nikitoa jibu baya nitaondoka mikono mitupu. Nikaitupa bagi kwenye sinia la taka.

"Haitoshi, papa. Nitarudilia."

Ya pili ilitoka vile nilivyotaka. Muzee akanielekeza nichore mistari miwili myembamba ndani ya ukingo. Nikachora. Akaitoa, akaiweka kwenye kiganja changu, akafunga vidole vyangu kwa mkono wake. Mkono ule ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Iko yako," akasema.

Nikatazama bagi. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu.

Mtambo ulikuwa kimya. Nikatafuta ule mkanda, haukuwepo. Na kwenye gurudumu la juu, lile lililokuwa likiuendesha mkanda sasa hivi, mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota, makinda yamepanua midomo yakingoja mama yao. Nikakimbia nyuma ya ukuta. Palikuwa na msingi wa sementi tu, majani yameota kati ya bolti. Mtambo uliuzwa zamani sana.

Mama Dorika alinikuta nimeketi chini mlangoni. Nikafungua kiganja. Alipoona ile mistari miwili, makaratasi yakamponyoka.

"Nani alikuonyesha hii? Hii ni alama ya papa! Hakuna mutu mwingine aliitiaka!"

Nikamweleza kila kitu, salopeti, kalamu nyuma ya sikio. Alilia, kisha akacheka huku akilia.

Tukiwa bado hapo, mtu wa feraye akafika na gari, chupa za gazi nyuma. Akaanza kutaja bei kubwa kuliko niliyoweza kulipa. Mama Dorika hakubishana naye. Alichukua bagi kwangu, akamnyooshea.

"Shika hii kwanza, papa."

Mikononi mwangu ilikuwa na joto la kikombe cha chai. Yule bwana aliipokea, akapiga kelele, akaiachilia. Malengelenge yalimtoka kwenye vidole vitatu, niliyaona kwa macho yangu. Alipanda gari bila kuaga.

"Mashini imeshapata mwenyewe," Mama Dorika akasema, akanipa makaratasi.

Wanaume kumi na wawili waliisukuma juu ya mabomba mpaka kwenye lori. Tulipoingia Bunia nilikuwa nimekaa juu yake kama bibi harusi, na sikuona haya. Nikaifungia mota, na juu ya mlango nikaandika jina langu kwa herufi ambazo hata mtu wa pikipiki anazisoma akipita mbio. Leo wenye vinu wanakuja kutoka Ariwara. Kutoka hospitali ya Nyankunde wananiletea magurudumu ya vitanda vya wagonjwa. Wanawake wawili waliokimbia kama mimi wanajifunza kwangu, na mmoja ameanza kunishinda.

Lakini kuna jambo lilibaki. Mwaka jana, nikiwa na haraka, nilimpa mteja bagi niliyojua ina kasoro. Mara tu alipoondoka, mkono wangu wa kulia ukaganda, baridi mpaka begani, vidole haviwezi kushika hata kijiko. Siku tatu. Nilienda nikaitoa bagi ile kwenye kinu chake, nikamchongea nyingine kwa mkono wa kushoto. Alipoifunga, damu ikarudi vidoleni.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mashini ya zamani, nisikilize. Ukifika, uliza nani aliifanyia kazi, na umsalimie kwa jina, hata kama karakana ni tupu. Na kama kazi yako ni ya kubahatisha, nakuomba sana, nunua mpya.