Shanga Nyekundu za Somoe

Siku ya kwanza kazini nilifika zahanatini na sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Bwana Tabibu, msimamizi wetu, alinitazama toka kofia hadi viatu, akasema, "Binti Zuhura, hapa wanawake watakueleza maradhi yote isipokuwa lile lililowaleta. Kazi yako ni kukaa mpaka litoke." Nilidhani ananitania.

Ilikuwa upande wa Tingi, pwani ya kusini, miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Sisi wakunga tulizalisha, tulichanja watoto, tulifukuza na mbuzi barazani. Ila mwanamke asiyepata mtoto tulikuwa na machache ya kumpa, na mengi ya kumwambia avumilie.

Somoe alikuwa mmoja wao. Mnene mzuri, mcheshi, ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye shamba la kijiji. Akizungumza, ncha ya kanga haibanduki kidevuni. Mumewe, Selemani seremala, alimsindikiza kliniki na kukaa benchi moja na wanawake, wakamcheka na asijali. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshasema hadharani: asipoonekana mjukuu, mwanawe ataoa mwingine.

Mganga wa Wilaya alipokuja kutukagua tulimwonyesha Somoe. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye maswali. "Siku zake anaziona?"

Selemani akamwahi mkewe kujibu. "Kila mwezi, daktari. Shanga naziona."

Ikabidi mgeni afafanuliwe. Kwetu mke hamwambii mume kwa mdomo kwamba yumo hedhini. Hutundika shanga nyekundu kitandani, na akishatoharika hutundika nyeupe. Daktari akaridhika kwamba hedhi ni nzuri, akahisi mirija ya uzazi imeziba kwa maambukizi. Somoe akachomwa sindano wee, haikusaidia kitu.

Mchana mmoja alibaki kunisaidia kuchemsha mabomba ya sindano. Mvuke ulimzidi, akajipangusa uso kwa kanga, nikakiona kidevu: vinyweleo vigumu vilivyonyolewa kwa wembe, na vipele. Akajifunika haraka. Nikayakumbuka maneno ya Tabibu, nikavuta kigoda nikakaa.

"Dada nesi," akasema baadaye sana, "shanga natundika. Damu hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Huja mara moja, ikapotea hata nikaisahau."

"Sasa shanga za nini?"

"Kungwi wangu alinifunda, mke asiyetundika ama ana mimba ama hana kitu. Mimba sina. Nimwache Selemani alale akijua sina kitu?"

Kwa ruhusa yake nilimweleza Mganga wa Wilaya. Alimpima upya, kisha akatuita wote watatu, Selemani naye. Alisema mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, na kwa kawaida kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka. Kwa Somoe mayai yanaanza kukua, yanaishia njiani, yanabaki kama vijipovu vingi, kama mahindi yaliyokosa mvua ya mwisho. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, kwake zimezidi. Ndiyo maana ndevu, ndiyo maana hedhi inapotea. "Si laana wala si uchafu," alisema. "Haiishi kabisa, lakini hutulizwa." Apunguze sukari na vya kukaanga, mwili upungue kiasi. Atapewa vidonge vya kuleta hedhi, maana ukuta wa ndani ya kizazi ukijazana miaka bila kutoka waweza kuzaa ugonjwa mbaya. Halafu vya kukomaza mayai. Vyote vingetoka Dar es Salaam.

Selemani alimgeukia mkewe. "Ungeniambia, tungelia wote."

Dawa ilichelewa. Mama mkwe hakuchelewa. Alipeleka posa, akamwambia mwanawe kuwa akikataa radhi hana. Selemani alikonda, akaoa. Somoe hakuutaka ukewenza, akaomba talaka yake, akaenda kwa kaka yake kisiwani Songo Mnara.

Dawa ilipofika nilimtumia salamu, akaja akachukua vile vidonge vya kwanza. Aliporudi alikuwa anacheka toka mlangoni. "Imekuja, dada! Yenyewe, ya kweli!" Tulikumbatiana pale kwenye mizani ya watoto. Kisha akaacha kucheka. "Sasa nimtundikie nani?" Nililia mbele ya wagonjwa, na sare yangu na kofia yangu.

Aliendelea kuja kuchukua vidonge, kwa ajili ya afya yake. Nikahamishiwa kituo cha Nyangamara, chini ya Dada Mkuu, muuguzi mkali aliyetufunza kumuuliza mwanamke faraghani kabla ya kumuuliza mumewe. Somoe sikumwona tena. Nilisikia amefariki kwa malaria, baada ya kulea watoto wa kaka yake.

Sasa nimestaafu. Wasichana huja kuniuliza habari za ugonjwa huo, wanauita PCOS, na kipimo cha picha kinaona vifuko vyenyewe. Nawaambia wawahi, waseme kweli ya mwezi wao, na wengi watazaa. Nafurahi kwa ajili yao, na namkumbuka Somoe wa siku ile ya kigoda. Laiti angezaliwa sasa.

Juzi nilirudi upande wa Tingi kwenye msiba, nikapita kumjulia hali Selemani. Mzee, macho mabovu, mke wake wa pili ameshatangulia mbele ya haki. Tukakaa barazani tukiulizana habari za watu. Mara akapaza sauti: "Somoe! Mletee nesi maji."

Tuligeuka wote wawili tukautazama mlango. Akatoka bintiye, mwanamke mzima, na kikombe mkononi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, Somoe," nikasema, nikakipokea kikombe kwa mikono miwili.