Keke ya Kuzungusha kwa Mkono

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Chang'ombe ya Dodoma, kabla nyumba hazijabanana kama leo, Jumamosi asubuhi ilikuwa na sauti zake: jogoo wa jirani, redio ya mama, na krr-krr-krr ya keke ya baba. Keke, kwa mliozaliwa juzi, ni kifaa cha kutobolea mbao. Yetu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Juu ilikuwa na kishikio cha mti cha kukandamizia kwa kiganja, ubavuni gurudumu la meno, na chini ncha ya chuma iliyokula mbao taratibu. Umeme ungekatika wiki nzima, baba asingejua.

Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe. Ulizoa vumbi la mbao, ukalichanganya na vumbi jekundu la njiani, ukatuletea vyote kwenye ugali wa uwele na mlenda. Mimi na dada yangu Neema tuliokota maranda yaliyojikunja, tukayatundika masikioni kama hereni, tukajiita mabibi harusi. Mama akituona mlangoni alisema, "Mkiingia na takataka hizo, mtalala huko huko na misumeno." Watoto wa leo hereni wananunuliwa dukani, na bado wanalalamika hawana cha kuchezea.

Keke ndiyo ilikuwa mchezo wetu mkubwa. Mmoja anakandamiza, mwingine anazungusha, huku tunahesabu kwa sauti. Baba alituruhusu kwenye vipande vibovu tu. Nilipoingia darasa la tano, ndipo akaniamini na kazi ya kweli.

Ilikuwa kitanda cha harusi cha mninga. Mzee Ndahani wa Msalato alikuwa amekiagiza kwa ajili ya binti yake. Harusi ilikuwa Jumamosi, nasi tulikuwa Alhamisi. Baba aliweka alama ya penseli nyuma ya ubao wa kichwani.

"Zungusha mara thelathini, halafu usimame," alisema. "Tundu lisitokee mbele."

Akaenda kuchukua gundi. Neema akaanza kunichokoza kwamba mimi goigoi, kwamba yeye angekuwa amemaliza zamani. Nikazungusha kwa hasira, hesabu nikaisahau, na ghafla keke ikawa nyepesi mkononi. Aliyewahi kutoboa mbao anaujua wepesi ule. Niligeuza ubao. Katikati ya uso laini wa mninga, pale pale ambapo bibi harusi angeegemea, kulikuwa na tundu.

Nilipoinua macho, Neema alishatoweka.

Baba aliporudi aliliona tundu, akaweka gundi chini. Hakunipiga.

"Ulifika ngapi?" aliniuliza.

"Sijui, baba."

"Hilo ndilo kosa. Tundu lenyewe tutalitafutia dawa."

Akachonga kijiti cha mpingo, akakipigilia ndani ya tundu na kukisugua mpaka kikawa sawa na ubao. Kisha akanirudishia keke ile ile, nitoboe mengine sita kwa safu, naye akayaziba vivyo hivyo. Tukapata vifungo saba vyeusi juu ya mbao ya rangi ya asali. Nikadhani tumeokoka. Kumbe Ijumaa, Mzee Ndahani alipofika kuchukua kitanda chake, baba akaniita.

"Mbukwenyi," mzee alitusalimu kwa Kigogo, akiwa amevua kofia.

"Mbukwa," baba aliitikia. Nami nikamwamkia shikamoo.

"Mweleze babu vifungo hivi vilikujaje," baba akasema.

Nilieleza huku nikitazama vidole vya miguu yangu. Mzee alipitisha kidole juu ya vifungo, kimoja kimoja.

"Kipi ndicho cha kosa?"

Nikamwonyesha.

"Nisingejua kamwe," alisema. "Lakini nimefurahi kuambiwa. Kesho uje umwambie na bibi harusi, acheke."

Kesho yake bibi harusi alicheka kweli, akanikalisha karibu naye, nikala pilau mpaka nikashindwa kuinuka. Neema naye alikula, tena kuliko mimi.

Miaka ikapita. Baba alinunua drili ya umeme, na keke ikachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu wakati mimi nafundisha shule mbali na nyumbani. Mwaka huu, dukani mjini, niliona mpya kabisa ndani ya boksi, imetengenezwa kwa mtindo ule ule wa zamani, gurudumu jekundu na kishikio kinang'aa.

"Mama, hiyo watu wanaweka sebuleni," kijana muuzaji alinijulisha.

"Inatoboa?"

"Hapo sijui. Sijawahi kuona mtu akijaribu."

Nilimpelekea baba. Aliipima uzito, akainusa, akacheka. "Wameizaa jana wakaivalisha uzee," alisema. Alizungusha, meno yakakwama kidogo, akaagiza mafuta ya cherehani ya mama. Binti yangu Tumaini, anayesoma chuo huko Chimwaga, aliigeuza huku na huko.

"Babu, hii inachajiwa wapi?"

"Kwa ugali," baba alimjibu.

Tukaanza kutoboa ubao wa rafu ya vitabu vyangu, baba akikandamiza, mimi nikizungusha. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanaweza kuongea huku wakitoboa. Drili ya umeme ikiwaka, kila mtu ananyamaza mpaka izimwe. Siku ile, kati ya tundu la kwanza na la tatu, baba alitusimulia jinsi baba yake, mfugaji, alivyokataa kusema naye msimu mzima wa mvua kwa sababu mwanawe ameacha ng'ombe akafuata mbao, mpaka mzee huyo alipokuja mwenyewe karakanani kuomba achongewe kigoda. Sikuwahi kuisikia habari hiyo maisha yangu yote. Tumaini alikuwa ameshika simu apige picha, akasahau kupiga.

Siku hizi tundu ni la sekunde mbili, nami simlaumu fundi, ana watoto wa kulisha. Enzi zetu tundu moja lilitosha kusimulia jambo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tulipomaliza rafu, baba alipangusa mikono, akatazama pembeni, akaokota kipande cha ubao kisichokuwa na kazi yoyote.

"Tumaini," alisema, "weka simu chini. Shika hapa."