Wakili wa Benchi la Nje

Kabla hajawa wakili, Asnath alikuwa mchapaji. Miaka tisa alikaa barazani na mashine yake, ng'ambo ya mahakama ya mwanzo mjini Kasulu, akiwaandikia watu madai yao: mpaka uliosogezwa, mbuzi aliyeuawa, mahari iliyogomewa. Walioshinda walirudi kumwambia kwamba angekuwa wakili, wanyonge wangepata pa kukimbilia.

Maneno yakamwingia. Akauza shamba la kahawa alilorithi, akaanza kusoma sheria kwa njia ya masafa. Mwaka wa pili akakuta kifungu kinachokataza mawakili kumsemea mtu katika mahakama ya mwanzo. Miaka yote ile alidhani hawafiki pale kwa sababu ya ubovu wa barabara. Lakini shamba lilikwisha kwenda; akaendelea kusoma.

Mwaka 2014 akarudi pale mahakamani na joho jeusi. Mteja wake wa kwanza alikuwa Bibi Epifania wa Kabanga, ambaye maharage yake yaliliwa na ng'ombe wa jirani yake, Makarius. Kesi, bila shaka, ilikuwa ya mahakama ya mwanzo. Asnath akamfundisha kusema kizimbani siku tatu, mara yeye akiwa hakimu, mara akiwa Makarius. Siku ya shauri akabaki kwenye benchi la nje, akisikiliza dirishani. Bibi akasema polepole, hakuruka hata neno. Akapewa magunia manne ya maharage.

Makarius akataka kukata rufaa wilayani, ambako mawakili wanaruhusiwa. Kwanza akaenda kwa Asnath kumwomba amtetee, kwa kuwa alisikia ndiye aliyempa bibi ulimi. Asnath akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Kisha akaandaa hoja za kurasa kumi na moja.

Siku ikafika, Makarius hakutokea. Asnath akasimama, akataja jina lake na la mteja wake, na hakimu akaitupa rufaa.

Nje, bibi akamtazama joho mpaka viatu.

"Mwanangu, ndicho ulichouzia kahawa ya baba yako?"

"Ndicho, bibi."

Baadaye ilijulikana kwamba Makarius alikuwa Kibondo kumzika shemeji yake, na aliporudi hakuwa tena na hamu ya kesi. Lakini mjini habari ilishaenea kwamba yupo wakili mwanamke ambaye wadaiwa humkimbia kabla hajafungua kinywa. Kufikia mwaka 2015 watu walimfuata hata kutoka Gwarama, na wengi wao kesi zao zilikuwa za mahakama ya mwanzo.