Sauti ya Mwanamume Nyumbani Kwetu

Mwanangu, jambo hili lilianza siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu mchana. Saa naikumbuka kwa sababu shule ilikuwa imeishiwa maji, mwalimu mkuu akatuachilia mapema, na nyumbani hakuna aliyenitarajia. Nilikuwa kidato cha pili, msichana wa aibu, wa kuandika shajara kuliko kuongea. Mtu wa aina hiyo huona mengi na kuyafikiria vibaya.

Nilipokaribia nyumba nikasikia mwanamume ndani.

"Pika," akasema. Sauti nzito, ya kukwaruza, kama gunia linaloburutwa. Kisha tena, "Pika."

Mama akacheka. "Nipike mara ngapi leo?"

Nikasimama palepale, na lazima ujue kwa nini. Kwetu hakukuwa na mwanamume wa kusema. Baba alikuwa dereva wa lori barabara ya Mombasa, na zamani akirudi nyumbani kutoka Mtito Andei, akishushwa pale njiani, alikuwa anaita kwa sauti toka huko tuweke chai. Halafu koo likashikwa na kansa. Huko Nairobi walimtoa kikoromeo chote, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Alirudi bila sauti, hata ya kunong'ona. Akitaka kitu alipiga makofi. Hakuweza kupuliza chai ipoe. Uji ukiungua mbele yake hakusikia harufu. Vumbi likiinuka alikohoa kupitia kitambaa kilichofunika lile tundu mpaka machozi yakamtoka, na huko soko la Matiliku watu wakawa wanasema ati madaktari wameuza koo lake.

Na mimi nilikuwa na yangu niliyoyaona. Nyuma ya ghala, chini ya magunia, kulikuwa na chupa tupu za soda. Kwetu soda ilikuwa ya Krismasi na ya wageni. Tena siku hizo mama alikuwa anafunga mlango mchana, na akinituma maji ananiambia nisiharakishe. Nani huambia mtoto asiharakishe?

Shangazi Mbula, dada ya baba, aliishi ng'ambo ya njia na alikuwa ameanza kuuliza. "Ndinda, wewe si mjinga," aliniambia wiki hiyo. "Mama yako bado kijana, na bwana hawezi hata kumgombeza. Ukiona kitu niambie mimi kwanza. Wazee watakaa kikao, arudi kwao, kule kijiji cha Tulia. Wewe na baba yako nitawatunza mimi."

Kwa hivyo niliposikia lile neno niligeuka niende kwake. Nikafika langoni. Si busara iliyonirudisha, ni aibu tu. Kila nilipopanga maneno ya kumwambia nilijiona nikiulizwa, "Ulimwona?" Na sikuwa nimemwona mtu.

Nikarudi mlangoni. "Hodi."

Sauti ileile ikajibu: "Pita."

Yaani mtu baki ananikaribisha kwetu. Nikasukuma mlango kwa hasira.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, chupa ya soda mkononi, mama mbele yake. Hakukuwa na mwingine. Alinitazama, akameza hewa kama anayemeza tonge kubwa, akairudisha juu kama mtu anayebeua, nayo ikatoka ikiwa neno: "Toka."

"Sasa ushike lipi?" mama akaniambia, anacheka huku anafuta macho. "Mara pita, mara toka."

Akanieleza. Muuguzi huko hospitali alimfundisha baba kusema kwa hewa anayoimeza. Soda huleta hiyo hewa, na maneno kama pika, pita na toka ndiyo mepesi ya kuanzia. "Karibu" ilikuwa bado inamshinda.

"Mbona mlinificha?"

"Hakutaka ujue kabla hajaweza. Ingemshinda, angalau wewe hungekuwa umengoja bure." Kisha akaacha kucheka. "Nimeona dirishani kivuli chako kikienda langoni. Ulikuwa unaenda kwa nani?"

Nikainamisha kichwa. Hakunigombeza. "Nyumba hii ina mlango, Ndinda," akasema. "Kitu kikikusumbua, uanze na mlango."

Mwanangu, sikwambii usishuku. Mimi nashuku mpaka leo, na mara nyingine shaka yangu huwa kweli. Lakini kabla hujapeleka shaka yako kwa mtu wa tatu, piga hodi kwa huyo unayemshuku, umwone kwa macho. Anayekuomba umwambie yeye kwanza, mshuku huyo pia. Na mgonjwa akinyamaza, usijaze kimya chake kwa maneno yako. Pengine yuko ndani anajifunza. Mungu akupe nyumba ambayo ukibisha unaitikiwa, hata kama ni kwa sauti ya kukwaruza.

Basi, kesho yake hiyo, Jumamosi asubuhi, nilizitoa zile chupa chini ya magunia, nikazipanga kwenye karai na kujitwika kuzirudisha dukani. Kulikuwa na njia ya mkato, nikaiacha. Nilipita mbele ya Shangazi, polepole, chupa zikigongana.

"Hizo ni za nani?" akauliza, ufagio umesimama mkononi.

"Za baba," nikasema, bila kuinamisha kichwa. "Njoo jioni, Shangazi. Ukifika, piga hodi."