Siku Niliyoizika Kambi Nzima

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na hata leo nikipita karibu na salle, ukumbi wa parokia yetu pale Kenya (mtaa wa mji wetu, si ile nchi), huwa navuka barabara (ukiniona navuka usiniulize), kwa sababu ndani ya salle ile, Jumapili moja baada ya misa, mimi Fidèle, mwenye akili zangu timamu na koti la kuazima, niliwaua karibu watu wote wa kambi yetu, na mmoja wao alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa soda.

Ilikuwa wakati ule bei ya shaba imeanguka, tanuru zinazimwa, treni zimesimama, na sisi watoto wa kambi ya reli tuliokua ukuta kwa ukuta tukatawanyika, huyu Kitwe, yule Johannesburg, mwingine hatujui hata wapi. Mimi nilikuwa na cyber ndogo (mashine chache na jenereta yenye hasira), nikawatengenezea watu wetu ukurasa wa intaneti: kila nyumba ya kambi na majina yake, na mbele ya kila jina mahali mtu alipo. Aliyefariki aliwekewa msalaba.

Hakuna aliyekuja kuutazama mara nyingi kuliko Mama Ilunga. Ilunga ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai, rafiki yangu tangu utotoni; alikwenda Angola kutafuta kazi, akanyamaza. Mbele ya jina lake niliandika "tunamngojea". Mama hakujua sana kusoma, lakini neno lile alilitambua kwa umbo lake, alikuwa analigusa kwenye kioo kwa kidole, halafu anaenda zake nyumbani.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kurasa za intaneti zinaandikwa kwa lugha ya alama: unaweka alama ya kufungua mbele ya maneno, na ya kufunga nyuma yake. Ukurasa wangu ulikuwa kwa lugha ya zamani, ile yenye huruma, unasahau kufunga na mashine inakusamehe, tena kila jina lilikuwa ndani ya kichumba chake cha jedwali, kwa hiyo uzembe wa jina moja uliishia ukutani mwake. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa kweli wameshahamia lugha mpya, hawajengi tena kwa vyumba vya jedwali, na mkutano wa kambi ulikuwa Jumapili, na nilitaka wanione. Basi Jumamosi nikahamisha kila kitu, nikabomoa kuta zote, nikatazama sehemu ya juu ya ukurasa, nikaona inapendeza kweli, umeme ukakatika, nikaenda zangu kulala (kushuka chini kuangalia mengine sikushuka).

Jumapili tukatundika shuka jeupe, tukawasha projekta kwa ile jenereta yangu, nikatoa hotuba ya maendeleo. Nikaanza kushusha ukurasa. Nyumba za kwanza, sawa. Tukafika kwa marehemu mzee Mwamba, msalaba wake upo, sawa. Aliyemfuata ana msalaba. Anayefuata, msalaba. Nikashusha haraka nikidhani yataisha, kumbe naharakisha mazishi, kwa sababu alama ya umarehemu ya mzee Mwamba sikuwa nimeifunga, na bila zile kuta ilikuwa imewafunika wote waliokuwa chini yake.

Mwenyekiti wetu, Papa Kasongo, aliyeendesha treni maisha yake yote, akaweka chupa chini polepole.

"Fidèle, miye nilikufa siku gani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikadhani nimeokoka. Lakini nyuma yake Mama Ilunga alikuwa ameshaona msalaba kando ya neno lake. Hakupiga kelele. Alifungua kitambaa cha kichwa, akavua viatu, akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye simenti kama mfiwa. Wamama waliokuwa karibu naye walipomwona vile hawakuuliza kitu, wakashuka naye, na kilio kikaanza. Nikang'oa waya wa projekta. Shuka likawa jeupe tena na kilio kikaendelea.

Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia ni kosa, ni ordinateur, ile mashine.

"Ordinateur haizikake bantu," akasema Papa Kasongo. "We njo uliandika."

Mama akafuta macho kwa kitambaa chake. "Kumbe Ilunga hakufa?"

"Hapana, Mama. Ule msalaba ni kosa langu."

"Basi iko muzima?"

Jamani! Ningesema ndiyo ningemdanganya, na hapana nilikuwa nimeshaisema kwa alama mbele ya parokia nzima. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tena. Wamama wakamwinua, wakamfunga kitambaa chake, wakampeleka nyumbani.

Umeme haukurudi upesi, na jenereta nayo ikagoma, kwa hiyo misalaba ilikaa pale intaneti siku kadhaa huku dunia inasoma. Simu yangu ikaanza kulia. Wa Kitwe akapiga kuuliza nani amemzika bila ruhusa yake. Wa Johannesburg akapiga, akanitukana vizuri, kisha akacheka. Hata mmoja wa Kolwezi tuliyekuwa tumempoteza kabisa alipiga kudai uhai wake. Mama Ilunga alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi langu.

"Bamepiga?"

"Wengine wamepiga, Mama."

Siku umeme uliporudi nilikaa kwenye mashine ili nifute, naye akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Bale bengine, ubatoe. Ya Ilunga uache kwanza. Akiiona atakasirika, atapiga."

Nikauacha. Kila nilipofungua cyber niliuona msalaba ule mmoja, na kila simu ilipolia sote wawili tuliruka. Waliopiga walikuwa watu wengine. Mpaka asubuhi moja akaingia bila kukaa, akasema, "Toa sasa. Andika vile ilikuwaka." Nikatoa. Na nilivyokuwa naogopa, sikuthubutu kuijenga upya nyumba ya akina Ilunga pale kwenye ukurasa. Nikaichukua kama ilivyokuwa zamani, na jedwali lake na kuta zake, nikaipachika katikati ya ukurasa mpya. Fundi yeyote akiona ndani atanicheka.

Tangu siku ile niliapa sigusi jina la mtu kabla ya kumwonyesha mtu wa kwao. Lugha nyingine mpya zimekuja, ukurasa umeshahama tena, na kabla ya kuhamisha huwa naenda kwanza kwa Mama Ilunga kuomba ruhusa. Jibu lake halibadiliki.

"Bengine bahame. Ilunga umuache pale anajuaka, akirudia asipotee."

Basi namwacha.